Mtungi wa gesi umeingia jikoni, jiko la mkaa limehamia chumbani

Ukiishi Makete, Njombe, Mufindi au kwenye vilima vya Mbeya, miezi ya Juni hadi Agosti unaijua kwa mifupa. Usiku joto hushuka chini ya nyuzi 10, na kule Kitulo kuna asubuhi unakuta majani yameganda. Ni miezi hiyo hiyo ambayo karibu kila mwaka tunasoma habari ya aina moja: majirani wameona mlango haujafunguliwa hadi saa 3 asubuhi, wakagonga, wakavunja, wakakuta baba, mama na watoto wamelala kama walivyolala jana, na jiko la mkaa liko katikati ya chumba. Kamanda wa polisi anatoa tahadhari, mazishi yanafanyika, mjadala unaisha.

Sasa kuna jambo limebadilika majumbani, na wewe mzazi unapaswa kulitazama vizuri. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mikoani mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Ni kazi njema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo ni vya watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayekulia kwenye moshi, hatari yake ya kupata nimonia inakaribia kuongezeka maradufu. Anayekubeza kwa kuhamia gesi, msamehe tu, hajawahi kushika zamu ya usiku wodi ya watoto.

Lakini soma tena jina la mkakati: nishati safi ya kupikia. Kwa mtu wa Dar es Salaam jina hilo linatosha, kwa sababu jiko lake la mkaa lina kazi moja. Kwa mtu wa nyanda za juu jiko lina kazi mbili, kupika na kuota moto. Mtungi wa kilo 6 umechukua kazi ya kwanza tu. Mama mmoja wa Njombe aliniambia kwa maneno yake mwenyewe: "Gesi napikia, mkaa naotea." Hakuwa anaikaidi Serikali. Alikuwa anaeleza hesabu ya nyumba yake, kwamba gesi ni ghali mno kuiwasha saa 6 usiku ili kupasha chumba joto, na gunia la mkaa wa miwati bado linauzwa pale barabarani.

Hapo ndipo hatari ilipohamia. Zamani jiko lilikaa jikoni, na jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha nje kilichoezekwa nyasi. Familia ilikaa humo jioni ikiota moto, macho yakiwasha na watoto wakikohoa, kisha kila mtu akaenda kulala. Moshi ule uliharibu mapafu ya bibi zetu, sitetei hilo, ila kibanda kilikuwa kinavuja hewa kila upande na ni nadra kuua watu kwa usiku mmoja. Leo chakula kinapikwa kwa gesi, kile kibanda kimevunjwa au kimegeuzwa banda la kuku, na jiko la mkaa halina tena pa kukaa. Linabebwa na kuingizwa ndani ya nyumba ya matofali, yenye dari iliyozibwa na madirisha ya alumini yasiyopitisha hata upepo. Tumejenga nyumba bora, tukaingiza ndani yake desturi iliyohitaji nyumba inayovuja.

Mkaa mwekundu usio na moshi

Wengi wenu mnachukua tahadhari, nalijua hilo. Mnawasha jiko nje, mnasubiri moshi uishe na mkaa uwe mwekundu, ndipo mnaingiza ndani. Mnaamini sumu imebaki nje pamoja na moshi.

Moshi kweli umebaki nje. Sumu haijabaki. Inayoua ni gesi ya kaboni monoksaidi, na mkaa mwekundu uliokolea ndio unaoitoa kwa wingi, hasa ukikosa hewa ya kutosha. Gesi hii haina rangi wala harufu, na haiwashi macho. (Usiichanganye na hewa ukaa inayotajwa kwenye habari za mabadiliko ya tabianchi na biashara ya kaboni. Zile ni habari za gesi nyingine.) Ukifunika makaa kwa majivu ili yadumu hadi asubuhi, unayanyima hewa, nayo yanaendelea kuungua polepole yakitoa gesi ile ile usiku kucha.

Ndani ya mwili mambo yanakwenda hivi. Damu yako hubeba oksijeni kwa kutumia himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu. Kaboni monoksaidi ikiingia mapafuni hujishika kwenye himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na haitoki kirahisi. Damu inazunguka kama kawaida, nyekundu kama kawaida, lakini mzigo iliobeba si oksijeni. Ubongo na moyo ndivyo vinavyoumia kwanza. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, akili inachanganyikiwa, kisha miguu inakosa nguvu. Aliye macho anaweza kuhisi hayo na kutoka. Aliyelala anazama tu zaidi usingizini. Wapo wanaoamka, wakajua kuna kitu, wakajaribu kwenda mlangoni na miguu ikagoma. Ndiyo maana baadhi ya marehemu hukutwa sakafuni, hatua chache kutoka kwenye kitasa.

Watoto hupumua haraka kuliko sisi, kwa hiyo huvuta sumu nyingi kwa muda mfupi. Mjamzito yuko pabaya zaidi, kwa sababu damu ya mtoto aliye tumboni huishikilia gesi hii kwa nguvu kuliko ya mama yake na huchelewa kuiachia. Mama anaweza kuamka na kichwa kinachouma tu, kumbe mtoto ameumia vibaya.

Swali ambalo sikuliuliza

Miaka mingi iliyopita, nikiwa tabibu kijana katika hospitali moja ya nyanda za juu, alikuja mama na watoto 3. Wote wanaumwa kichwa, wawili wametapika. Niliwapima malaria, hakuna. Nikauliza walikula nini, wakasema ugali na maharage. Nikaandika sumu ya chakula, nikawapa panado na ORS, nikawaruhusu. Wakiwa bado kwenye benchi walianza kuchangamka, nami nikajisifu moyoni kwamba dawa zangu zinafanya kazi upesi. Hazikuwa dawa. Ilikuwa ni hewa safi ya kibarazani.

Siku ya tatu walirudi alfajiri. Mdogo wao, wa miaka 4, alikuwa amebebwa mgongoni na haamki. Muuguzi wa zamu, mama mtu mzima, ndiye aliyeuliza nisichokiuliza mimi: "Mwanangu, mmelala na nini chumbani?" Mtoto aliwekwa kwenye oksijeni na jioni alikuwa anaomba chai. Alipona. Lakini mimi ndiye niliyemrudisha kwenye chumba kile kwa mikono yangu miwili, na kila Juni inapofika namkumbuka.

Nimekusimulia kwa sababu kosa langu bado linafanyika. Sumu hii inafanana na malaria, inafanana na homa ya matumbo na mafua ya baridi, na hivyo ndivyo mgonjwa mwenyewe anavyojieleza. Tofauti utaiona ukitazama nyumba nzima badala ya mtu mmoja. Malaria haiwashiki watu wanne usiku mmoja wote wakaamka na kichwa. Kama mnaamka mnaumwa kichwa bila homa, mkitoka nje mnapata nafuu, na usiku mkilala hali inajirudia, tafuteni chanzo ndani ya chumba kabla ya kutafuta dawa dukani.

Kinga zisizokinga

Nimesikia mengi ambayo watu wanayategemea. Beseni la maji kando ya jiko: kaboni monoksaidi haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kusaidia lolote, beseni linaongeza unyevu tu. Dirisha lililoachwa wazi kidole kimoja: upepo ukigeuka, au mtoto akilifunga kwa baridi, hakuna kinga tena, na hata likiwa wazi hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba linatosha. Maziwa kwa aliyezidiwa: sumu imeingia kwa pumzi, haipo tumboni, na kumnywesha mtu aliyepoteza fahamu ni kumpalia. Kitunguu kilichokatwa siongezi neno.

Kipo kifaa cha kweli, kengele ndogo ya betri inayolia kaboni monoksaidi ikizidi. Haijazoeleka kwetu. Ukiagiza, hakikisha ni ya kaboni monoksaidi, kwa sababu kengele ya moshi haiitambui gesi hii. Hata ukiwa nayo, isikupe ruhusa ya kulala na jiko. Ni ya kukuamsha pale mambo yalipoharibika.

Wafugaji wa kuku wa Njombe wananielewa haraka kuliko watu wengine. Kila anayelea vifaranga kwa jiko la mkaa anajua kwamba akiziba banda lote kwa turubai, asubuhi atazoa mizoga. Kwa hiyo anaacha nafasi ya hewa juu na anaamka usiku kukagua. Mtu huyo huyo, akimaliza kukagua vifaranga, anaingia ndani na kufunga mlango wa chumba chenye jiko na wanawe.

Chumba cha mzazi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu jiko la mkaa chumbani haliko nyanda za juu tu. Hata maeneo yenye joto zipo familia zinazomwekea jiko mama aliyetoka kujifungua, ili apate joto na mtoto asishikwe na baridi. Bibi anayefanya hivyo anafanya kwa upendo, na hoja yake ina ukweli: mtoto mchanga, hasa njiti, hupoteza joto upesi na baridi inaweza kumuua. Ukimwambia bibi "toa jiko" bila kumpa kitu mbadala, amekusikia tu, hajakubali.

Mbadala upo na hauna gharama. Mtoto avuliwe nguo abaki na nepi, kofia na soksi, awekwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, kisha mama na mtoto wafungwe kwa kanga na kufunikwa blanketi, uso wa mtoto ukiwa wazi. Mwili wa mama humpasha mtoto joto. Hospitali zetu hutumia njia hii kwa watoto njiti, inaitwa huduma ya kangaruu. Mama akichoka, baba anaweza kupokea zamu, au bibi mwenyewe, na nimeona mabibi wakilipenda jambo hilo kuliko jiko. Mtoto aogeshwe haraka, mchana kukiwa na joto, akaushwe kichwa kwanza. Maji ya kuoga yapashwe moto jikoni, chumbani liingie beseni tu.

Kuni zenye dohani, na gesi

Kuna wasomaji wenye meko ya ukutani yenye dohani, hasa nyumba za zamani za mashamba ya chai Mufindi na Lushoto, na sasa naona wanaojenga nyumba mpya kule juu wanayarudisha. Ni njia nzuri ya kupasha nyumba joto kwa kuni, mradi dohani inavuta. Kabla ya msimu mtafute fundi aipande na kuisafisha, maana masizi yakijaa yanaweza kushika moto, na ndege hupenda kujenga viota humo miezi ambayo haitumiki. Siku ya kuwasha, choma kwanza gazeti moja. Moshi ukipanda, endelea. Ukirudi sebuleni, zima na umwite fundi. Tumia kuni zilizopasuliwa na kukauka kwa miezi, si mkaratusi uliokatwa wiki iliyopita. Na kosa kubwa kuliko yote ni kufunga kile kibati cha dohani wakati wa kulala ili joto lisitoke, huku makaa bado yanawaka. Hapo meko yako yamegeuka jiko la mkaa la kawaida.

Gesi nayo si ya kulalia. Sikuhizi naambiwa watu wanawasha jiko la plate mbili chumbani kwa dakika 20 "kuvunja baridi". Jiko la gesi linakula hewa ya chumba, na hewa ikipungua nalo linaanza kutoa kaboni monoksaidi. Mwali wa bluu ni dalili nzuri. Ukiwa wa njano na sufuria zinashika masizi, kuna kitu hakiko sawa, liite fundi. Hita za gesi zinazotembea na mtungi wake, zile za hoteli na kumbi, ziwashwe mkiwa macho, chumba kikiwa na njia ya hewa, na zizimwe kabla ya kulala. Gesi ya mtungi ikivuja utainusa, kwa sababu imetiwa harufu makusudi, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa hutuama chini. Ukiinusa usiguse swichi ya taa. Fungua mlango na madirisha, funga mtungi, toa watu nje.

Tuote vipi, basi?

Swali hilo ni la haki, na ndilo ambalo kampeni ya nishati safi haijalijibu. Jibu langu la leo ni la kuunganisha vitu vidogo. Otea moto pale pale penye hewa, jikoni au kibarazani, hadi muda wa kulala, kisha jiko libaki nje, mbali na dirisha la chumba. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuviringishwa taulo, ikiwekwa miguuni dakika chache kabla, inapasha kitanda kizima. Kwa mtoto mdogo iondoe kabla hajalala, isije ikamuunguza. Soksi na kofia nazo husaidia. Weka mkeka au boksi chini ya godoro, kwa sababu baridi nyingi hutoka sakafuni. Hita ya umeme ni salama kwa upande wa gesi, ila iwe na soketi yake peke yake, si kwenye ekstensheni yenye vitu vitano, na nguo zisianikwe juu yake.

Kwa anayejenga, fedha ya dari chini ya bati italipa kuliko fedha ya mkaa, maana joto la nyumba hutoroka kupitia juu. Na kwa wenye dhamana ya mkakati huu nina ombi moja: wanapopeleka mitungi Makete na Njombe, wapeleke pia wataalamu wa kuzungumza juu ya joto. Mabweni ya shule, vibanda vya walinzi na vyumba vya kupanga vya wanafunzi vina tatizo hili hili, na hakuna hata kimoja kinachohesabiwa kuwa ni jiko la kupikia.

Ikitokea

Ukivunja mlango na kukuta watu hawaamki, usiingie kukaa humo ukiwapima mapigo. Fungua kila kilicho wazi, vuta pumzi nje, mtoe mmoja mmoja hadi nje kabisa. Jiko litashughulikiwa baadaye. Piga simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Anayepumua alazwe kwa ubavu. Asiyepumua aanze kukandamizwa kifua na anayejua kufanya hivyo, huku gari likitafutwa. Waliozinduka wenyewe nao waende hospitali, hata kama wanasema wako sawa.

Ukifika, sema sentensi hii kabla ya nyingine yoyote: "Tulilala na jiko la mkaa." Usiogope kuonekana mzembe. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksaidi, kinaweza kuonyesha 98 wakati mgonjwa yuko hatarini, na mhudumu asiyeambiwa anaweza kuamini namba hiyo. Tiba ni oksijeni kamili kwa barakoa, na huanza bila kungoja. Kwa hewa ya kawaida mwili huchukua takriban saa 4 hadi 5 kuondoa nusu ya sumu. Kwa oksijeni kamili muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Kama kuna mjamzito mtaje, atahitaji oksijeni kwa muda mrefu zaidi na mtoto wake kuangaliwa.

Kuruhusiwa kurudi nyumbani hakumalizi habari. Kwa baadhi ya watu ubongo huonyesha majeraha siku kadhaa hadi wiki kadhaa baadaye: kusahau, kubadilika tabia, kutembea kwa kuyumba, mtoto aliyekuwa vizuri darasani kuanza kushindwa. Kwa wiki 6 za mwanzo mtazameni kwa karibu, mwambieni na mwalimu wake, na mkiona lolote kati ya hayo rudini hospitali na ile karatasi ya kwanza.